Kwa Nini Upinzani Hushindwa Nchi ya Kati

Katika Tanzania mkuu wa mkoa hapigiwi kura. Huteuliwa na Rais, huapishwa, hupelekwa mkoani, na siku Rais apendapo huondolewa. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini chama fulani hakipati kuutawala mkoa wa Dodoma, jibu la haraka ni kwamba hakuna chama kinachopewa nafasi ya kuushindania. Lakini jibu hilo ni la mwanasheria, wala halimalizi neno. Mkoa una njia nyingine za kusema unamtaka nani: kura ya Rais, kura ya mbunge, kura ya diwani, na kura ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa njia zote hizo, tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, nchi ya kati imekuwa ikivirudisha nyumbani vyama vya upinzani mikono mitupu. Insha hii yauliza sababu. Nathubutu kusema mapema kwamba jibu lake halitaupendeza upande wowote.

Jibu linalosikika mara nyingi, hasa katika mazungumzo ya watu wa mijini, ni kwamba Wagogo na majirani zao ni maskini, hawakusoma, na njaa imewafunga kwa yule anayegawa mahindi. Jibu hili lina sura ya huruma, lakini ndani yake ni tusi. Watu wa Ugogo waliishi njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na ukame pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waliobaki walijenga upya zizi na shamba kwa akili yao wenyewe, si kwa hisani ya mtu. Watu wa namna hiyo hawawezi kuambiwa kuwa hawajui kupima faida na hasara. Zaidi ya hayo, hoja ya umaskini haisimami mbele ya ushahidi. Jimbo la Singida Mashariki ni kavu kama Bahi na Chamwino. Wakulima wake hupanda uwele, mtama na alizeti kama wenzao wa Dodoma. Barabara zake hazikuwa bora kuliko za wengine. Hata hivyo jimbo hilo lilimchagua mgombea wa Chadema mwaka 2010, likamchagua tena mwaka 2015. Kama umaskini ndio unaofunga mikono, mikono ya Singida Mashariki ilifunguliwa na nini?

Jibu la pili ni la wapinzani wenyewe. Wao husema kwamba mwamuzi wa mchezo ni mmoja wa wachezaji. Hili si la kupuuzwa, maana ni kweli. Wakurugenzi wa halmashauri, walioteuliwa na Rais aliye mwenyekiti wa chama kimojawapo, ndio waliokuwa wakisimamia uchaguzi majimboni. Mwezi Mei mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu mwaka 2016 hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi mno hata vyama vikubwa vikajitoa, na chama kitawalacho kikajipatia takriban 99 kwa mia ya viti. Mwaka 2024 hesabu ilirudi pale pale. Mwaka 2025 Chadema ilizuiwa kabisa kuingia katika uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, mwana wa Singida, akashtakiwa kwa uhaini. Mtu akiita hayo mashindano, amelionea neno mashindano.

Lakini hebu tuhesabu miaka. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. Mikutano ilizuiwa mwaka 2016. Kati ya hiyo miwili ipo miaka 24. Katika miaka hiyo mwamuzi hakuwa mwadilifu, lakini mlango haukuwa umepigwa kufuli: wapinzani walishinda Kilimanjaro, Kigoma, Mbeya, Arusha, Mwanza na Dar es Salaam yenyewe, chini ya tume ile ile na wakurugenzi wale wale. Mwamuzi mbaya aweza kueleza namna kura zilivyopotea mahali zilipokuwapo. Hawezi kueleza kwa nini katika kijiji baada ya kijiji cha nchi ya kati hapakuwa na mtu wa kusimamishwa, wala wakala wa kukaa kituoni, wala tawi lenye mlango. Miaka 24 si siku mbili. Ndani yake mtoto huzaliwa, husoma, huoa, na kupeleka mwanawe shule.

Basi neno langu ni hili: upinzani umeshindwa nchi ya kati kwa sababu haukuiona kuwa ni nchi ya watu. Uliiona Dodoma kuwa ni mahali ambapo CCM hukutana na kugombana, ukakaa nje ya ukumbi kungoja atakayetupwa.

Tazama mfululizo wa mambo. Mwaka 1995 chama kitawalacho kilimteua Benjamin Mkapa katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma. Mpinzani wake mkubwa katika kura, Augustino Mrema, aliyepata karibu 28 kwa mia, alikuwa amekwisha kuwa waziri wa mambo ya ndani na naibu waziri mkuu katika serikali ile ile kabla ya kuhamia NCCR-Mageuzi. Mwaka 2010 Chadema ilimsimamisha Dakta Willibrod Slaa, ambaye aliingia upinzani mwaka 1995 baada ya kukatwa jina na CCM huko Karatu. Mwaka 2015 vikao vya CCM vya Dodoma vilimkata Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu hadi mwaka 2008. Hazikupita wiki nyingi, wale wale waliomtaja hadharani mwaka 2007 katika orodha ya mafisadi wakampokea na kumfanya mgombea wao wa urais. Alipata karibu 40 kwa mia, wingi ambao mpinzani hakuwahi kuupata. Mwaka 2019 akarudi alikotoka. Mwaka 2020 ACT-Wazalendo walimsimamisha Bernard Membe, aliyefukuzwa CCM mwaka huo huo. Mwaka 2025 chama hicho kilimteua Luhaga Mpina, naye ametoka kule kule, kabla jina lake halijaondolewa.

Sisemi kwamba mtu akitoka chama kimoja asipokewe katika kingine. Dhamiri ya mtu yaweza kubadilika, na wengine kati ya hao walifanya kazi kubwa. Nasema kwamba chama ambacho kila baada ya miaka mitano hutafuta kichwa chake katika mabaki ya karamu ya jirani kimekiri kwamba jiko lake halipiki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mkulima wa Kibaigwa, aliyekuwa akiambiwa kwa miaka minane kwamba Lowassa ni adui wa taifa, aliambiwa katika muda wa siku chache kwamba ndiye mkombozi wake. Mkulima huyo hakuwa mjinga alipotikisa kichwa. Aliyekuwa akimdhania ujinga ndiye mjinga.

Ubavuni mwa jambo hili, tazama alivyofanya mshindani. TANU, na baadaye CCM, haikuingia Ugogo kwa ndege siku ya kampeni. Iliingia kwa mjumbe wa nyumba kumi, tangu miaka ya 1960 ya mwanzo, mtu ambaye jina lake linajulikana na ambaye hubishiwa hodi usiku mgonjwa akizidiwa. Iliingia kwa Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, ambapo watu waliotawanyika walikusanywa katika vijiji, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akashiriki kazi za mikono na wanakijiji wa Chamwino. Iliingia kwa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, kwa Bunge, kwa Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na kwa tangazo la mwaka 2016 lililowaleta mawaziri na makarani wao.

Msomaji asidhani kwamba namsifia mtu hapa. Operesheni ile ilikuwa na nguvu ndani yake. Wako waliohamishwa kwa kulazimishwa wakayaacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya wazee wao. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa jicho la Serikali kadiri alivyokuwa mkono wake. Makao makuu yalichukua miaka zaidi ya arobaini kufika. Lakini kuwapo ni kuwapo. Chama kile kiliwatendea watu wa nchi ya kati mema na mabaya, na yote mawili kiliyatenda kikiwa pale pale. Asiyekuwapo na lake halipo: hata akiwa na neno jema kuliko la aliyepo, hana mahali pa kulisemea.

Wala haikuwa kwamba nchi ya kati haikuwa na malalamiko. Ilikuwa nayo tele, kama kuni zilizokatwa na kupangwa zikimngoja mwenye moto. Natoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni ardhi ya mjini. Kwa zaidi ya miaka arobaini ardhi ya Dodoma ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Wenyeji waliokuwa na mashamba yao kabla ya ramani kuchorwa walijikuta wavamizi katika udongo wa baba zao; nyumba zilibomolewa; fidia zilibishaniwa; kiwanja kilipatikana kwa hati ya miaka 33. Manung'uniko hayo yalisikika sokoni, misikitini, makanisani na katika mabasi. Ni neno gani jingine ambalo chama cha upinzani kingelitaka? Lau kingeliweka ofisi Dodoma, kikaajiri mawakili wawili wenye subira, kikaandika kesi moja moja na kuifuata mahakamani hadi mwisho, kingelikuwa leo na maelfu ya familia zinazokikumbuka. Badala yake Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja Mamlaka kwa saini yake, akaikabidhi kazi Manispaa, na shukrani zote zikaenda kwa chama kile kile kilichoiunda mwaka 1973. Aliyefunga kamba ndiye aliyepewa asante kwa kuifungua.

Wa pili ni zabibu. Dodoma ndiyo nchi ya zabibu katika Tanzania. Kila mwaka wa mavuno mengi mkulima hulia kwamba wanunuzi ni wachache, viwanda havitoshi, na tunda halingojei mkutano. Wa tatu ni alizeti. Mikoa ya Singida na Dodoma ndiyo mama wa mafuta ya alizeti. Mafuta ya nje yalipopunguziwa ushuru mwaka 2022, bei ya alizeti ilianguka, na watu waliokuwa wamehimizwa kulima zaidi wakabaki na magunia. Hapa ilikuwapo hoja ya kisiasa iliyokamilika: uamuzi uliofanywa na Serikali, hasara iliyopimika kwa shilingi, na watu waliojua ni nani aliyeamua. Hayo yalisemwa bungeni, naam, lakini Bunge la wakati huo lilikuwa karibu lote la chama kimoja. Wapinzani waliokuwa nje ya Bunge waliendelea kuhubiri Katiba Mpya. Katiba Mpya ni neno kubwa na la haki. Lakini mhubiri mwerevu huanza na gunia la alizeti mlangoni pa mkulima, akamwonyesha hatua kwa hatua kwamba bei yake iliangushwa na watu asioweza kuwaondoa, na kwamba haki ya kuwaondoa ndiyo inayoitwa Katiba. Aanzaye na Katiba kwa mtu mwenye gunia lisilouzika ameanza hadithi katikati.

Sasa turudi Singida Mashariki, maana jimbo hilo ndilo linalotupa kipimo. Tundu Lissu hakuazimwa popote. Alizaliwa pale, lugha ya Kinyaturu ni lugha ya mama yake, kabla ya ubunge alikuwa amekwisha kujulikana kuwa wakili aliyewatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Alipokuwa mbunge alibishana na wakuu wa wilaya juu ya michango ya lazima, jambo ambalo kila mwenye kuku wawili Ikungi alilielewa bila kufafanuliwa. Watu wale hawakuchagua itikadi iliyotoka mbali; walichagua mtu waliyeyajua maneno yake na matendo yake. Ilibidi kiti hicho kiondolewe kwa njia nyingine: Septemba 2017 alipigwa risasi nyingi mchana kweupe mjini Dodoma, na Juni 2019, akiwa bado nje ya nchi kwa matibabu, Spika alitangaza kiti kuwa wazi. Wapiga kura wake hawakuulizwa. Mrithi wake alipita bila kupingwa. Tunajifunza mawili hapa. La kwanza ni kwamba mbegu ya upinzani huota katika udongo mkavu. La pili ni kwamba chama chake hakikuitwaa mbegu hiyo na kuipanda Manyoni, Bahi, Mpwapwa na Kondoa. Kilijivunia mti mmoja, na mti mmoja hukatwa kwa shoka moja.

Historia yetu ina mfano mwingine, nao wapaswa kuwatisha wote wawili, mtawala na mpinzani. Mwaka 1956 uliundwa United Tanganyika Party, UTP, kwa baraka za Gavana Edward Twining. Chama hicho kilikuwa na fedha, kilikuwa na mabwana wakubwa, na kilikuwa na sheria ya uchaguzi iliyotungwa ili TANU ijikwae: mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani, na kila mmoja ampigie kura Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. TANU ilipigwa marufuku Usukuma kwa miaka kadhaa, na mwaka 1958 kiongozi wake alitozwa faini mahakamani kwa kuandika maneno juu ya wakuu wa wilaya. Januari mwaka huo TANU ilikutana Tabora, katika uwanda huu huu wa kati, ikaamua kuingia katika uchaguzi usio wa haki. Iliingia kwa sababu ilijua kwamba kila mahali walikuwapo watu wake. UTP ilishindwa vibaya katika awamu zote mbili, mwaka 1958 na 1959, ikafa. Chama cha Serikali kilishindwa na chama cha watu, juu ya uwanja uliolimwa na Serikali.

Atatokea wa kunijibu kwamba Mwingereza aliacha majina ya wagombea yabaki kwenye karatasi, na kwamba mwaka 2025 majina hayakuachwa. Nakubali, na nakubali kwa uchungu. Oktoba 29 mwaka 2025 mshindi alitangaziwa karibu 98 kwa mia. Siku hiyo na zilizofuata watu waliuawa mitaani, na mtandao ukazimwa ili tusionane tukilia. Kumlaumu upinzani baada ya hayo yaweza kuonekana ni kumpiga aliyeanguka. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuandika. Kuingia katika uchaguzi mbovu kwahitaji watu. Kuususia kwahitaji watu zaidi. Mgomo wa mwenye watu humtisha mtawala; mgomo wa asiye na watu humpumzisha. Na penye vijiji vilivyopangika, vyenye viongozi wanaojulikana na wazee wanaosikilizwa, hasira ya vijana hupata mdomo wa kusemea kabla haijapata jiwe la kurusha. Chama kisichokuwa na mizizi hakiwezi kuiongoza hasira hiyo wala kuilinda. Huitazama kwa mbali kama wengine.

Yapo pia ya sheria, na hapa narudi kwa mkuu wa mkoa nilikoanzia. Wakenya walianza kuchagua magavana wa kaunti 47 mwaka 2013. Utaratibu wao una kasoro zake na wezi wake, lakini umewapa wapinzani jiko: mtu aliweza kwenda Makueni akaona mpango wa matibabu wa Profesa Kivutha Kibwana, akapima chakula kwa kukionja. Kwetu mkuu wa mkoa huteuliwa, na kwa cheo chake huketi katika kamati ya siasa ya CCM ya mkoa. Mpinzani wa Dodoma huombwa athibitishe kwamba ajua kupika, ilhali hajapewa hata jiwe moja la mafiga. Mageuzi ya kweli ya Katiba yasipoligusa jambo hili yatakuwa yamepaka chokaa ukuta wenye ufa. Lakini hata ukuu wa mkoa ukipigiwa kura kesho, nani atausimamia Dodoma kwa jina la upinzani? Kama jibu ni yule atakayekatwa jina Kizota, basi tumebadili sheria tukaacha tabia.

Kwa chama kitawalacho nina neno moja fupi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2015, katika mashindano makali kuliko yote, kilipata zaidi ya 58 kwa mia, na hizo zilikuwa kura ambazo mtu aliweza kuziamini kwa sehemu kubwa kwa kuwa wapinzani wake walihesabiwa pia. Hizi 98 hakuna anayejua zina nini ndani. Mwenyekiti wa kijiji aliyepita bila kupingwa hawezi kukuambia kama watu wanakupenda, maana hakuwauliza. Chama kilichoingia Ugogo kwa kuwapo kinaanza kutoka kwa njia hiyo hiyo: kimeacha kuuliza.

Kwa upinzani neno langu ni refu zaidi kwa sababu kazi yake ni ndefu zaidi. Chagua wilaya moja, Bahi au Kongwa. Weka watu watatu wanaojua Kigogo, wasiotaka ubunge. Wajue bei ya zabibu, wajue kesi ya kila kiwanja, wajue kisima gani kimeharibika na fedha zake zilikwenda wapi. Wakae miaka kumi. Wafukuzwe, warudi. Siku watakapokuwa wakizika na kuoza pamoja na wenyeji, hawatahitaji kungoja nje ya ukumbi wa mtu.